Majani Yenye Mwenyewe

Ukipita Kishapu mwezi Septemba, mvua ikiwa bado mbali, unakuta ardhi iliyonyolewa. Mabua ya mtama yamekwisha liwa, mashamba ya pamba yamebaki tifutifu, na kila kundi la ng'ombe linalokatiza barabara linatembea ndani ya wingu lake la vumbi. Mara unafika kwenye kipande cha ardhi ambapo majani yamesimama, ya manjano, yanagusa magoti, na juu yake migunga imetanda. Hakuna seng'enge wala bango. Kundi la ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika linapita ubavuni, na mtoto anayelichunga, ambaye pengine hajafika darasa la tano, anapiga mluzi na kuwageuza wale wawili watatu walioanza kuingiza vichwa.

Hiyo ndiyo ngitili ya Wasukuma. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mwenyewe huifunga. Wakati huo majani mabichi yako kila mahali na kila mtu ana pa kuchungia, kwa hiyo kuifunga hakumgharimu mtu. Hukaa hivyo msimu mzima wa mvua. Julai au Agosti, porini kukiwa kumekwisha, hufunguliwa, tena kwa vipande: kikiisha hiki kinafuata kile, na ratiba ni jicho la mwenyewe. Wa kwanza kuruhusiwa ni ndama, majike wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaovuta plau mvua ikirudi. Zipo ngitili za kaya, za ekari mbili tatu au kumi, na zipo za kijiji na za shule, ambazo huweza kuwa kubwa kiasi cha kumpotezea mgeni njia.

Nimeanza na ngitili kwa sababu mjadala wetu kuhusu ng'ombe na mazingira karibu siku zote huanza na idadi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, na barani Afrika ni nchi chache tu, Ethiopia ikiwa mbele yao, zinazotushinda. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni zebu wetu wa asili, mfupi wa pembe, mwenye nundu, mvumilivu wa jua na kupe, mchoyo wa maziwa. Waziri hadi waziri, wimbo ni ule ule: wafugaji wapunguze mifugo, wafuge kisasa. Sisemi wimbo huo ni wa uongo. Nasema umeshika swali la pili na kuliacha la kwanza, yaani majani hayo ni ya nani.

Usukuma ni mahali pazuri pa kulifuatilia swali hilo, kwa kuwa hapo historia imefanya jaribio moja mara kadhaa, kila mara kwa gharama ya wenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteremka kutoka kaskazini na kuwafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki; katika maeneo mengi alibaki mmoja katika kila kumi. Tumezoea kuikumbuka kama njaa, na ilikuwa njaa kweli. Lakini ng'ombe walipotoweka, na watu wakapungua kwa ndui na vita vya ukoloni vilivyofuata, palipokuwa malisho pakaota vichaka. Vichaka vikaleta wanyamapori, na wanyamapori wakaja na mbung'o. Ng'ombe anayeng'atwa na mbung'o hupata nagana, hukonda, hufa. Ikawa hata aliyefanikiwa kupata jike na dume la kuanzia upya hana pa kuwaweka. Mwingereza alipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alikuta pori linasonga mbele na watu wanarudi nyuma.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa shoka. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa wanyamapori Tanganyika kisha mkuu wa utafiti wa mbung'o, aliifanya Shinyanga kituo chake tangu miaka ya 1920, akawatumia watemi kuwaita watu kwa maelfu kila kiangazi wafyeke. Walifyeka hadi upeo wa macho. Mbung'o wakapungua, ng'ombe wakarudi, na kwa kipimo cha siku zile kazi ikahesabika imefanikiwa. Migunga iliyotolewa kwa amri ya serikali ndiyo hiyo hiyo ambayo nusu karne baadaye serikali nyingine ingewaomba wajukuu wa wafyekaji waioteshe tena.

Kisha ikaja pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliungana chini ya vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, wakaanza kupata fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuzishika. Fedha hizo ziende wapi? Benki zilikuwa mjini, na mjini penyewe hapakuwa pao. Zikanunua ng'ombe. Hapa pana mtego ambao wachumi wa siku zile hawakuuona, au waliuona wakanyamaza: kila ekari mpya ya pamba ilikula malisho, na kila shilingi ya pamba ilileta ng'ombe wa kuyatafuta malisho hayo hayo.

Hata kabla ya hapo wakoloni walikuwa wameona ng'ombe wamezidi, wakaagiza wapunguzwe. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikuja na sheria lukuki: lima matuta, hamia kule, toa idadi kadhaa ya mifugo ikauzwe. Nyama yake ilihitaji pa kwenda. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 serikali na kampuni ya Liebig zilianzisha Tanganyika Packers pale Kawe, kiwanda cha nyama ya kopo kilichohitaji ng'ombe wengi, wa bei ya chini, wala si lazima wanono. Wasukuma hawakuusamehe mpango ule. Hasira ya kupunguziwa ng'ombe ilikuwa miongoni mwa kuni zilizouwasha moto wa siasa Kanda ya Ziwa, kiasi kwamba TANU ilinyimwa usajili huko kwa miaka kadhaa hadi 1958. Kiwanda cha Kawe nacho kilikufa baada ya uhuru kuzeeka. Leo Tanganyika Packers ni jina la kituo cha daladala na uwanja wa mikutano ya hadhara. Kila kiongozi anayepanda jukwaani kuwaambia wafugaji wapunguze mifugo angefaa akumbushwe kwamba amri hiyo imewahi kutolewa na wenye bunduki zaidi yake, na hakuna aliyeitii.

Kwa nini hakuna aliyeitii? Kwa sababu anayeishi Meatu au Maswa akimtazama ng'ombe haoni nyama. Anaona akiba. Ng'ombe huzaa, na ndama ndiye riba. Thamani yake haiyeyuki noti zikiyeyuka. Hulima, hubeba, hutoa mbolea, huoa, hulipa faini, husomesha. Kasoro yake ni ukame. Mvua ikikosekana, wote huuza kwa wakati mmoja, ng'ombe huporomoka bei na gunia la mahindi hupanda, na aliyekuwa na mali Januari anaingia Oktoba akibadilisha dume kwa debe chache. Mfugaji anaijua hatari hiyo kuliko mtaalamu yeyote, na kinga zake ni mbili: kuwa na wengi, na kuwagawa kwa ndugu na marafiki vijiji vya mbali ili mvua isiwakose wote pamoja. Mwenye themanini ukame ukipita hubaki na mbegu. Mwenye wanane anabaki na ngozi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mfugaji daftari lake liko kichwani, na hesabu zake si mbaya hata kidogo. Ni kweli ukijumlisha hesabu nzuri za kaya laki moja unaweza kupata ardhi mbaya. Lakini huwezi kumtaka mwenye kaya afute akiba yake kwa sababu ya jumla ambayo hakuifanya peke yake.

Pigo lililoimaliza Shinyanga halikutoka kwa ng'ombe peke yao. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na 1975 iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika kila mmoja na kaya yake, shamba lake na ngitili yake. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na vingine kati ya hivyo vilikuja. Ila mtu aliyehamishwa kilomita kadhaa hawezi kulinda majani aliyoyaacha nyuma. Ngitili zikawa porini, na kitu cha porini anayewahi ndiye anayekula. Kufikia miaka ya 1980 wanawake wa sehemu nyingi za mkoa walikuwa wakipikia mabua ya pamba na samadi iliyokaushwa. Samadi ikiishia jikoni shamba halipati mbolea, na shamba lisilo na mbolea hudai ekari nyingine. Mwalimu Nyerere, akiuona mkoa ule, aliusema kwa jina la jangwa.

Mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye kwa ushirikiano na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF. Ulianza kama miradi mingi inavyoanza, na vitalu vya miche. Miche iligawiwa, mingine ikapandwa, mingi ikaliwa au ikakauka. Kinachonifurahisha kuhusu HASHI ni kwamba maofisa wake walisikiliza. Wazee waliwaambia kwamba ardhi ile haikuwa imekufa. Visiki vilikuwa hai chini ya udongo, vikisubiri tu kuachwa. Basi mradi ukaacha kusukuma miche na kuanza kusaidia watu kufunga ngitili zao. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulijumuisha sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mashine nzito na uzio havikuhusika. Kilichohusika ni dagashida, baraza la kimila la wanaume wa kijiji, lililoweka faini kwa anayeingiza mifugo katika ngitili ya mwenzake, na sungusungu, walinzi wa jadi waliochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, ambao sasa walipewa na kazi ya kulinda majani. Sungusungu wana doa lao. Katika harakati za kusaka wezi walipiga watu, na wanawake wazee walioitwa wachawi hawakuwa salama mikononi mwao. Siwapambi. Nasema tu kwamba faini iliyotungwa na baraza ambalo wewe mwenyewe umekaa ndani yake ina uzito ambao faini ya afisa kutoka wilayani haina.

Watafiti walikuja baadaye na kalamu zao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2005 ilikadiria kwamba kuni, nguzo, majani, asali, dawa, matunda pori na vinginevyo kutoka ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa kama dola 8.50. Hapo majani ya ng'ombe ni sehemu tu. Mwanamke aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni alipata masaa kadhaa mikononi. Na kumbuka: hakuna aliyelazimishwa kwanza kuuza ng'ombe wake ndipo ngitili irudi. Ng'ombe walibaki. Kilichobadilika ni kwamba majani yalipata mwenyewe.

Isieleweke kwamba kila Msukuma alibaki nyumbani kufunga ngitili. Wengi walikuwa wamekwisha ondoka. Tangu katikati ya karne iliyopita msafara wa ng'ombe wa Kisukuma umekuwa ukielekea kusini: Tabora, Rukwa, bonde la Kilombero, Rufiji. Walikutana njiani na Wamaasai na Wabarbaig waliosukumwa na mashamba makubwa na hifadhi za kaskazini. Wengi walipumzika Usangu, tambarare za Mbarali, ambako maji ya safu za Uporoto na Kipengere hukusanyika katika ardhioevu ya Ihefu kabla ya kutoka kama mto Ruaha Mkuu.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Na kwa kuwa maji hayo hayo, baada ya hifadhi, huenda bwawa la Mtera kisha Kidatu kuzalisha umeme, kiza cha Dar es Salaam kikapata uhusiano wa ghafla na kwato za Usangu. Kila mgawo wa umeme ulipokuja, kidole kilielekezwa kwa mfugaji. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye, akiwa London, aliahidi mbele ya dunia kwamba mto utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006, katikati ya ukame na mgawo mkali, serikali iliamua kuwatoa wafugaji. Operesheni ilidumu hadi mwaka uliofuata. Ng'ombe kwa malaki walihamishwa, wengine kwa malori, wengine kwa miguu, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani. Wengine walifia njiani, wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa ili kulipa faini. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi cha Rais Kikwete kuunda tume. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Watafiti, hata hivyo, walikuwa wamekwisha upima mto ule kabla ya operesheni. Mradi mmoja uliofadhiliwa na Uingereza ulifanya kazi Usangu kuanzia 1998 hadi 2001, ukahesabu maji yanayoingia na yanayotoka, na jibu lake halikuwa la kificho: kinachoukausha mto wakati wa kiangazi ni hasa maji yanayochepushwa na mifereji ya umwagiliaji. Mashamba ya mpunga, ya mashirika na ya wakulima wadogo, yalikuwa yameongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1970, na mifereji mingi iliachwa wazi hata baada ya mpunga kuvunwa. Ng'ombe hunywa, ndiyo, lakini kinywa cha ng'ombe si kitu mbele ya mfereji. Kwato zilikuwa na madhara yake: zilikanyaga kingo, zilikaza udongo, na moto wa kuchipuza majani ulikula mpaka pembeni mwa ardhioevu. Yote hayo ni kweli na yalihitaji utaratibu. Hata hivyo, wafugaji waliondoka, ng'ombe waliondoka, na mto uliendelea kukauka kiangazi. Miaka ya 2020 bado unazungumzwa kwenye makongamano. Mchele wa Mbarali, nao, bado ni mtamu, na hakuna mwanasiasa anayetaka kusimama mbele ya mpunga. Mimi pia naula. Lakini tusimtwike ng'ombe mzigo wa pishi letu.

Kuhama kwa namna hiyo hakuondoi tatizo, kunalisafirisha. Aliyefukuzwa Usangu anafika Kilosa au Kilwa akiwa mgeni, hana baraza alimokaa, hana majirani wanaomjua. Anachojua mwenyeji ni kwamba kundi limeingia kwenye mahindi yake. Desemba 2000, miaka michache kabla ya Ihefu, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili wa tembo, iliishia kupiga risasi ng'ombe na kutesa watu, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba ile. Mwaka 2019 Rais Magufuli alizuia kuondolewa kwa mamia ya vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi. Tunaenda mbele na kurudi nyuma kwa amri, na amri ya leo haiahidi chochote kwa kesho.

Kuna hoja nyingine ambayo kwa kijana aliyesoma hukosi kuisikia siku hizi: ng'ombe anacheua, anatoa methani, na methani inachoma dunia. Ni kweli. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo yote duniani inachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na binadamu, na ng'ombe ndio karibu theluthi mbili ya hiyo. Zebu wetu anahusika kwa namna ya ajabu. Anakula majani makavu yasiyo na lishe, anacheua sana, anakua polepole, na anafika sokoni akiwa na miaka mitano hadi saba. Maziwa yake ni lita moja au mbili kwa siku. Kwa hiyo kila kilo ya nyama na kila lita ya maziwa yake imebeba gesi nyingi kuliko ya ng'ombe wa Uholanzi, ingawa mwenye zebu mwenyewe, kwa maisha yake yote ya kutembea kwa miguu na kulalia taa ya betri, hajachoma hata sehemu ndogo ya kile kinachochomwa na mlaji wa Ulaya. Sioni faida ya kumpa mzee wa Itilima somo la dunia. Ninachoona ni kwamba jambo litakalopunguza gesi ndilo lile lile litakalomwongezea kipato: ng'ombe ale vizuri, akue upesi, auzwe mapema.

Na hapo ndipo tunafika mnadani, ambapo mambo yanaharibika kimya kimya. Minada yetu ina ngazi: ya awali vijijini na wilayani, ya upili kama Mhunze, Igunga na Nyamatala, ya mpakani, na Pugu, ambako barabara zote za ng'ombe wa Dar es Salaam huishia kabla ya machinjio ya Vingunguti. Katika sehemu kubwa ya safari hiyo ng'ombe huuzwa kwa macho. Mizani ipo kwenye sera, na katika minada mingine ipo kwa chuma kabisa, lakini dalali anamzunguka mnyama, anamshika nundu, anataja bei. Muuzaji amekuja kwa sababu mtoto anatakiwa shuleni au mgonjwa yuko hospitali, na ameleta yule aliyekonda kwa sababu wanono ndio akiba. Akirudi naye nyumbani atakuwa amemtembeza bure siku nzima, na dalali analijua hilo.

Mnunuzi mwenye mtaji anamchukua mkondefu huyo Septemba na kumpeleka kituo cha kunenepesha. Kwa miezi mitatu anamlisha mashudu ya pamba, pumba za mpunga na molasi, kisha anamuuza karibu na sikukuu akiwa na uzito mwingine kabisa. Vituo hivyo vimeenea Mwanza na Shinyanga kwa sababu vinu vya mafuta ya pamba viko hapo. Nalipenda jambo hili kwa mzunguko wake: ile pamba iliyoyala malisho ya babu inarudi kama mashudu na kumlisha ng'ombe wa mjukuu. Tatizo ni nani anayevuna. Miaka mitano ya kuchunga, kuogesha, kutibu ndigana na kukesha na fisi ni ya mfugaji. Miezi mitatu ya kunona ni ya mchuuzi, na faida nono imekaa katika ile miezi mitatu. Wapo wafugaji walioanza kununua mashudu wenyewe na kunenepesha wanne watano kwa mwaka. Wanachokosa wengi si elimu. Ni fedha ya kununulia mashudu wakati bei iko chini, na benki bado inasita kumpokea ng'ombe kama dhamana.

Soko la Ghuba limefunguka zaidi miaka ya karibuni, na ndege zinabeba nyama kwenda Oman, Qatar na Falme za Kiarabu, ila nyingi ni ya mbuzi na kondoo. Ng'ombe wetu anakwamishwa na magonjwa, hasa homa ya mapafu na ugonjwa wa miguu na midomo. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi, iliyozinduliwa Simiyu mwaka 2025, imelenga hapo. Wafugaji waliwahi kuvishiwa ng'ombe wao heleni kwa kulipishwa, zoezi likasimama katikati ya manung'uniko, hivyo msidhani wataikimbilia bila kuuliza maswali.

Nirudi kwenye majani, maana hata ngitili hazina kinga ya milele. Kaya zimegawanyika, na ekari kumi za baba ni ekari mbili mbili za watoto watano. Wapo wanaozikata mkaa. Wapo wanaokodisha majani kwa mwenye ng'ombe wengi, na kwa kuwa wenye ng'ombe wengi ndio wenye ngitili kubwa, maskini wa kijiji anaweza kujikuta akinunua kuni kutoka ardhi aliyozoea kuziokota bure. Kutoa mwenyewe kwa kila kitu kuna bei yake, na bei hiyo kwa kawaida hulipwa na asiye na sauti kwenye dagashida. Wanawake hawakuwa na viti pale.

Lindi ndiko linakoonekana wazi lile swali la majani ni ya nani. Vijiji vya Kilwa na Liwale vilivyoelekezewa wafugaji wa Ihefu vilikuwa vya korosho, ufuta na mihogo. Ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o. Maeneo yaliyotengwa mengi yalifikiwa na mifugo kabla ya josho na lambo. Mtu yule yule ambaye angekuwa Maswa angeyafunga majani yake miezi minane bila kusimamiwa na mtu, Liwale anayalisha yote mara moja na kusogea. Wenyeji husema ni tabia ya Wasukuma. Nadhani ni hesabu tu: kwa nini aache majani ya Agosti mtu ambaye bado hajajua Agosti atakuwa wilaya gani?

Jibu moja limejaribiwa Kiteto, wilaya ambayo Januari 2014 ilizika watu waliouawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji wa Embroi Murtangos. Huko vijiji kadhaa vilivyopakana, vikianza na Orkitikiti, Lerug na Ngapapa, viliketi na kupanga matumizi ya ardhi kwa pamoja, vikatenga nyanda moja ya malisho inayovuka mipaka yao na kuipa jina la OLENGAPA, kwa kuunganisha majina ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya haki ya kimila kutolewa kwa kikundi, na hati ikatolewa kwa chama cha wafugaji wenyewe. Kazi hiyo inataka wapimaji, mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji, saini za halmashauri, na wazee walio tayari kukaa chini ya mti siku nzima kubishana jiwe la mpaka liko wapi. Haina lori la askari wala picha ya kuweka ukurasa wa mbele, na hata baada ya hati wapo waliojaribu kulima ndani ya malisho, ikabidi kamati iende kuwaondoa. Ilikwenda na karatasi mkononi.